Feni ya hita na AC imegoma: uifufue, ununue mtumba, ununue mpya au uunge moja kwa moja?

Dar es Salaam ni nadra kumsikia mtu akilalamika kwamba hita ya gari lake imekufa. Analalamika kwamba AC haipulizi. Lakini ndani ya dashibodi ya magari mengi madogo kuna feni moja tu, na ndiyo hiyo hiyo inayosukuma joto la hita kwa mtu wa Njombe na ubaridi wa AC kwa mtu wa Mbagala. Ikifa unakosa vyote viwili, pamoja na la tatu ambalo watu hulisahau mpaka masika yaingie: kioo cha mbele kinashika ukungu, unabaki unaendesha kwa mkono mmoja huku mwingine unapangusa kwa kitambaa.

Tuelewane mapema kwamba hii siyo feni ya rejeta. Ile iko mbele kwenye injini, na ikigoma gari linachemsha. Hii yetu imejificha nyuma ya kile kikabati cha upande wa abiria unachowekea karatasi za gari na chaji ya simu. Wala siyo tatizo la gesi. Kila msimu wa joto kuna mtu anayepeleka gari kujaziwa gesi ya AC ilhali gesi ipo, ubaridi upo, kinachokosekana ni wa kuusukuma utoke. Na gesi ikizidishwa unaondoka na tatizo la pili ambalo hukuja nalo. Kama husikii upepo wowote hata ukiwasha feni peke yake bila AC, achana na habari za gesi.

Ukifika kwa fundi umeme na gari lako la miaka ishirini na ushee, iwe Vitz ya mwanzo iliyoanza kutoka 1999, IST ya 2002, Corolla, Raum au Noah, utapewa njia mojawapo kati ya nne: kuifufua mota ile ile inayozungusha feni, kufunga ya mtumba, kufunga mpya, au kuiunga moja kwa moja na betri kupitia swichi ya pembeni. Kila fundi ana anayoipenda, na mara nyingi anaipenda kwa sababu ndiyo anayoiweza. Ndiyo maana inafaa uende ukiwa tayari una mawazo yako.

Vigezo vya kulinganishia

Pesa ndilo swali la kwanza la kila mtu, ila ipigiwe hesabu nzima: spea, ufundi, nauli ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na kurudi, na uwezekano wa kulipa ufundi mara ya pili. Muda nao ujitegemee, hasa kwa gari la biashara, maana gari likilala gereji hesabu ya bosi hailali. Kisha uhai: feni itadumu msimu mmoja au utaisahau kabisa? Halafu marejeo, yaani ikikataa baada ya wiki mbili utamrudia nani, na atakusikiliza?

Usalama nimeuweka mwisho lakini ndio ninaoutazama kwanza. Feni hii inakula umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Taa moja kubwa ya mbele ya wati 55 hula chini ya ampea 5. Feni ya ndani ikiwa spidi ya juu, kwenye magari mengi madogo, hula ampea 15 hadi 20, na ikichoka hupanda zaidi. Ndiyo maana fyuzi yake mara nyingi ni ya 30 au 40, na kwenye Toyota nyingi utaiona kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi imeandikwa HTR au HEATER. Waya mwembamba au kiungo kilichosokotwa kwa vidole hakihimili mzigo huo. Kinapata moto, plastiki inalainika, na harufu inaanza kutokea mahali ambapo huwezi kufika mkono ukiwa kwenye foleni ya Tazara.

Kwanza, ni nani mgonjwa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukikosea hapa chaguo lolote kati ya manne litakuwa baya.

Kama feni iko kimya spidi zote isipokuwa ile ya juu kabisa, mota haijafa. Kilichokufa ni rezista, kile kidude kinachopunguza umeme ili upate spidi ndogo. Spidi ya juu haipitii kwenye rezista, ndiyo maana inabaki. Ukikuta hali hii na fundi anakuambia mota imeungua, mwombe akueleze inazungukaje basi.

Kama imekufa spidi zote, anza na fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo, kabla ya kung'oa chochote. Kisha, feni ikiwa imewashwa spidi ya juu, gonga kidogo chini ya mota kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zimeisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota: hazigusi vizuri, na kule kugonga ndiko kulikozisogeza. Hiyo ni habari njema, maana ni ugonjwa unaotibika.

Isiposhtuka, chukua tasta ya taa, ile yenye klipu na ncha kali, klipu uibane kwenye chuma cha bodi. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo, chanya huenda moja kwa moja kwenye mota kutoka kwenye rilei, na swichi pamoja na rezista hufanya kazi upande wa hasi. Acha plagi ya mota ikiwa imechomekwa, washa spidi ya juu, choma ncha nyuma ya waya mmoja halafu wa pili. Ikiwaka kwenye waya mmoja tu na mota imelala, mota yenyewe imekata au imekwama. Ikiwaka kwenye zote mbili, umeme umeingia, umepita ndani ya mota na umekosa njia ya kutokea. Tafuta kwenye swichi au kwenye ethi, yaani hasi inayoshika bodi, wala usinunue mota. Isipowaka popote, umeme haujafika, rudi kwenye fyuzi, rilei na nyaya. Zoezi zima halimalizi muda wa kunywa chai, na bado ni mafundi wachache wanaolifanya bila kuombwa.

Feni inayozunguka kwa kelele ya kulia ina bushi zilizokauka, zile pete zinazoshika mhimili wa mota. Ikikwaruza kama inapiga karatasi, kuna majani. Anayeegesha chini ya mwarobaini au mwembe anayajua haya, maana majani huingilia pale chini ya waipa. Ikisikika vizuri ila upepo ni hafifu, fungua chujio la hewa la ndani. Wakazi wa Goba, Kinyerezi na Chanika, ambako barabara nyingi za mitaani ni za vumbi, wakilitoa hilo chujio mara ya kwanza hushangaa lilikuwa linapitisha nini. Kama gari limetoka kwa fundi umeme juzi na upepo ukapungua ghafla, huenda nyaya mbili za mota zimegeuzwa: feni inazunguka kinyume, bado inasukuma, lakini kivivu.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Rezista na mota havitenganishiki katika uchunguzi. Rezista imewekwa makusudi ndani ya njia ya upepo ili upepo wa feni uipooze. Chujio likiziba, upepo unapungua, rezista inapata joto. Bushi zikikauka, mota inakuwa nzito, inavuta ampea nyingi kupita kwenye rezista ile ile, nayo inapata joto zaidi. Ndiyo hadithi ya mtu anayenunua rezista leo, miezi mitatu baadaye anarudi kununua nyingine, na anamlaumu muuzaji. Rezista haikuwa feki. Mota ndiyo inayoziunguza, na kwa sababu inazunguka hakuna anayeishuku.

Kipimo cha haraka: washa spidi ya juu, subiri, zima, sikiliza. Mota nzima huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa na kufifia polepole. Nzito husimama ghafla. Fundi mwenye mita ya kubana waya inayosoma umeme wa betri atakupa namba kamili. Usitumie multimita ya kawaida kwa kazi hii. Nyingi mwisho wake ni ampea 10, na spidi ya juu itaunguza fyuzi ya mita yako.

Kuifufua ile ile

Inashushwa kwa kutoa kikabati na skrubu, kwa kawaida tatu, inatoka pamoja na ngoma yake ya plastiki yenye mapezi. Kopo la chuma linafunguliwa kwa kunyoosha vile vimasikio vilivyokunjwa. Ndani utaona shaba pale kaboni zinapopita: ikiwa nyeusi lakini laini, inasafishwa kwa msasa laini. Ikiwa imechimbika mfereji unaoshika ukucha ukipitisha kidole, ufufuaji wake hautadumu. Kaboni zilizoisha hubadilishwa. Ukikosa za saizi yake, fundi huchonga za mota nyingine mpaka ziingie. Akizichonga zikawa zimebana, zitakwama ndani ya kiota chake na utarudi kugonga kwa bisibisi.

Pesa. Ukiacha ile ya kuunga moja kwa moja, hakuna njia iliyo nafuu kuliko hii. Unalipa ufundi na kaboni.

Muda. Nusu siku ikiwa fundi hana foleni ya wateja. Huendi sokoni, hutafuti, hulinganishi plagi.

Uhai. Hapa majibu ni mawili. Ikiwa tatizo lilikuwa kaboni tu, na shaba iko sawa, unaweza ukaliacha gari kabla mota haijakuacha. Ikiwa bushi zimelika mpaka mhimili unacheza ukiutikisa kwa vidole, mafuta yatanyamazisha kelele kwa muda kisha itarudi. Mafuta yenyewe yawe mepesi, matone machache. Grisi haifai, na dawa ya kupuliza ya kufungulia nati hukauka mapema. Yakizidi yanamwagikia shaba, yanachanganyika na unga wa kaboni, na hapo umeharibu ulichokuja kutengeneza.

Usalama. Mota yenyewe haina shida. Shida ni rezista "iliyofufuliwa". Rezista nyingi zina fyuzi ndogo ya joto inayokatika kabla moto haujaanza. Fundi mwenye haraka huipitia kwa kipande cha waya na kulehemu, spidi zote zinarudi, mteja anafurahi. Ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia dashibodi isiungue. Kataa, hata akikuambia anafanya hivyo kila siku.

Marejeo. Fundi wako mwenyewe, na hilo ni jambo zuri kama ni wa mtaani kwako.

Inamfaa mwenye mota inayoshtuka ikigongwa, mwenye fundi anayemwamini, na mwenye gari la muundo adimu ambalo spea zake hazipatikani hovyo.

Mota ya mtumba

Gerezani pale Kariakoo na maduka ya Ilala ndiko wengi wanakoanzia. Mota hizi hutoka kwenye magari yaliyochinjwa Japani au Falme za Kiarabu, na zile za Toyota mara nyingi utaona zimeandikwa DENSO, yaani ni kazi ya kiwanda kile kile kilichotengeneza yako. Kwa ubora wa asili, mota ya mtumba iliyo nzima inaishinda mpya nyingi za bei rahisi. Tatizo ni lile neno "nzima".

"Bosi wangu, hii Japani kabisa, haijaguswa," muuzaji atakuambia akiwa ameishika kwa kidole kimoja.

"Nakuamini kaka, ila tuiwashe kwa betri."

"Betri ile pale. Twende."

Akisita, wewe usisite kuondoka. Akiiwasha, usiridhike na sekunde tano. Iache izunguke dakika tano, uinuse, uguse kopo lake, usikilize inavyosimama ukiondoa waya. Igonge pembeni ikiwa inazunguka. Ikikatika kidogo, kaboni zake zimekaribia mwisho na unanunua ugonjwa ule ule ulioutoa. Tazama pini za plagi: zikiwa na rangi ya kahawia iliyoungua, ilikuwa inavuta sana huko ilikotoka. Tazama pia mapezi. Mota iliyotoka nje moja kwa moja huwa na vumbi la kijivu jepesi. Ukikuta vumbi jekundu limeganda, hiyo imeshazunguka kwenye barabara zetu, na hadithi ya Japani imeishia hapo.

Nenda na ile ya zamani mkononi, la sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia. Linganisha matundu ya skrubu, umbo la plagi, kimo cha ngoma na mwelekeo wa mapezi. Hilo la mwisho linawaponza wengi: magari ya Falme za Kiarabu yana usukani kushoto, na mota yake inaweza kuwa imetengenezwa kuzunguka upande mwingine. Inaingia, inafungwa, inazunguka, upepo unatoka kivivu. Wenye Coaster na baadhi ya Land Cruiser za dizeli wawe makini pia na volti: mota ya 24 ukiifunga kwenye gari la 12 itajikokota, na ya 12 kwenye 24 hutaisikia muda mrefu.

Pesa. Kati na kati, na bei inaanzia juu kwa sababu wote mnajua mtapatana.

Muda. Asubuhi moja, ukipata muundo wako. Wenye IST na Vitz hawatafuti sana. Wenye Nissan au Mazda za zamani wajiandae kuzunguka.

Uhai. Miaka, ukiwa umeikagua. Siku, ukiwa hukuikagua.

Usalama. Sawa na ya kiwandani, mradi plagi inaingia yenyewe bila kukatwa waya.

Marejeo. Mpatane kabla hujatoa hela: siku ngapi za kujaribu, na ikikataa unabadilishiwa au unarudishiwa pesa. Dai risiti ya mashine. Inakulinda wewe kwa muuzaji, na inakulinda pia siku ukiulizwa spea imetoka wapi.

Inamfaa mwenye gari linalopatikana kwa wingi jijini na mwenye subira ya kusimama dukani dakika tano huku muuzaji akikodoa macho.

Mota mpya

Kuna mpya mbili na zisichanganywe. Ya kiwanda cha gari huagizwa kwa namba ya chesesi, ni ghali, na kwa gari la umri huu mara nyingi inasubiriwa. Sitaizungumzia sana, anayeihitaji anajijua, kwa kawaida ni mwenye Land Cruiser anayetegemea kukaa nayo miaka kumi mingine.

Mpya ya pili ni ya soko huria, nyingi kutoka China na Taiwan. Nyingine ni nzuri kabisa. Nyingine ngoma yake haijasawazishwa, ukifika spidi ya tatu dashibodi inatetemeka. Kabla ya kulipa, ishike mkono mmoja na ya zamani mkono mwingine. Ikiwa nyepesi mno, kuna shaba au sumaku iliyopunguzwa, na itazidiwa joto la Februari.

Pesa. Ya soko huria mara nyingi haipishani sana na mtumba mzuri, ndiyo maana uamuzi ni mgumu. Ya kiwanda iko mbali kabisa.

Muda. Kwa magari maarufu ipo madukani. Kwa mengine ni kuagiza.

Uhai. Ina faida moja kubwa: kaboni na bushi zinaanza sifuri. Mtumba haukupi hilo kamwe.

Usalama. Angalia plagi. Zikija na plagi tofauti pamoja na kipande cha waya cha kuungia, viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na selotepu haikubaliki kwa ampea 20.

Marejeo. Duka lenye waranti ya maandishi ni bora kuliko maneno ya "ikisumbua rudi".

Kwa rezista mimi sina subira ya kubishana: nunua mpya. Ya mtumba imekaa ndani ya joto miaka ishirini, na tofauti ya bei haistahili kufungua kikabati mara mbili.

Inamfaa mwenye gari la familia asiyetaka kurudi Gerezani tena, na mwenye fundi wa mbali na soko.

Kuunga moja kwa moja

Wataalamu wengi huitukana njia hii. Mimi naona ina nafasi yake, ndogo. Swichi au nyaya zimekufa, mota ni nzima, na kesho alfajiri una safari. Unavuta waya kutoka betri, unaweka swichi chini ya usukani, feni inafanya kazi kwa spidi moja.

Kwa pesa na muda haina mpinzani. Hata fundi wa barabarani ataimaliza ukiwa umekaa kwenye benchi. Kwa uhai na usalama inategemea imefungwaje. Inayokubalika ina waya mnene wa milimita za mraba 4, fyuzi ya 30 iliyo karibu na betri kabisa, na rilei inayobeba mzigo, ili ile swichi ndogo ibebe amri tu. Umeme mdogo wa kuiamsha rilei utoke kwenye swichi ya ufunguo, vinginevyo utaisahau imewashwa na asubuhi utaomba watu wakusukume. Isiyokubalika ndiyo inayofungwa zaidi: waya wa spika, swichi ya kununua barabarani, fyuzi hakuna.

Ujue pia kwamba kwenye magari mengi AC haikubali kuwaka mpaka ipate ishara kwamba feni imewashwa kwa swichi yake. Ukiipitia pembeni, unaweza kupata upepo bila ubaridi. Marejeo hayapo: fundi mwingine akikuta nyaya zile atakwambia aanze upya, na atakuwa na haki.

Inamfaa mtu wa dharura, kwa siku chache, akisubiri spea.

Kwa hali yako

Feni inafanya kazi spidi ya juu tu. Rezista mpya na chujio jipya, kisha upime uzito wa mota siku hiyo hiyo, kikabati kikiwa bado kimefunguliwa. Ikisimama ghafla ukizima, ipakwe mafuta au ibadilishwe kabla haijaunguza hiyo rezista uliyoinunua.

Unaendesha teksi ya mtandao na abiria anakupa nyota kulingana na ubaridi. Mtumba uliokaguliwa, leo. Ile yako ya zamani usiiache kwa fundi. Ifufuliwe taratibu ikae kwenye buti kama akiba.

Gari la kupeleka watoto shule, na mvua za Machi zinakaribia. Ukungu wa kioo ni hatari kuliko joto, kwa hiyo hapa ningeenda mota mpya ya soko huria yenye waranti, nikiacha kujaribu bahati. Wenye bajeti finyu wafufue, lakini wafanye Februari, siyo siku ya kwanza ya mafuriko Jangwani.

Unasafiri kwenda Makambako au Njombe mwezi Juni au Julai. Usidanganyike kwamba Dar hukuitumia hita kwa hiyo huihitaji. Alfajiri kule bila feni huoni mbele. Chochote kinachopatikana kabla ya safari kinafaa, hata kuunga moja kwa moja kwa njia inayokubalika, kwa kuwa joto la hita halitegemei AC kuwaka.

Gari linachemsha kwenye foleni. Wengi wanajua mbinu ya kuzima AC na kuwasha hita mpaka mwisho ili injini ipumulie ndani ya gari huku ukitafuta pa kusimama. Mbinu hiyo inaihitaji feni hii hii. Kwa hiyo mwenye rejeta yenye mashaka asiiache ikiwa imekufa kwa kisingizio cha kwamba anapenda vioo wazi.

AC ya gari lako ni ya kidijitali, ya kuweka nyuzi. Hapo hakuna rezista ya kawaida, kuna kipande chenye transista na mapezi ya aluminiamu. Kufufua kwa kubahatisha hakufai. Tafuta mtumba, na ikiwezekana chukua mota na kipande hicho kutoka gari moja.

Unaliuza gari mwezi ujao. Fufua, umweleze mnunuzi kilichofanyika. Mpya ya kiwanda hutarudishiwa pesa yake kwenye bei.

Gari limekaa miezi uani bila kuwashwa, na sasa feni haizunguki au inatoa harufu. Usiiwashe tena, wala usinunue chochote bado. Toa kikabati, shusha mota, uangalie kama panya hawajajenga ndani ya ngoma, maana matambara na maganda ya karanga huikwamisha, na mota iliyokwama huku imewashwa huungua. Toa uchafu wote, fuata nyaya kwa mkono kutafuta palipotafunwa, kisha jaribu mota hiyo hiyo kwa betri ikiwa nje. Mara nyingi huwa nzima.